Nyumba ya Futi Kumi na Sita

Sina subira na mtu anayechora nyumba kwa kuanzia sebuleni. Atapanga makochi, atatafuta mahali pa redio, ataweka dirisha kubwa la kuwaona wageni wakija, halafu akifika jikoni karatasi imekwisha. Hapo atakwambia jiko litakuwa nje, huko nyuma, kana kwamba mvua ya Bukoba haimnyeshei mpishi. Mimi nilianza na mama yangu.

Mama yangu, Ma Kokubanza, aliishi Kamachumu. Baba alifariki mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, na kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, kibanja chake, yaani shamba la migomba na nyumba yake, kilikwenda kwa mtoto wa ndugu yake, Mutalemwa. Ndivyo ukoo ulivyoamua, na siku zile koo zote ziliamua hivyo. Binti hakurithi hata mgomba mmoja. Mutalemwa akaingia nyumba kubwa na mkewe. Mama akahamishiwa kwenye kibanda cha kupikia, alale kati ya mafiga na kuni. Nilipokwenda kumwona Pasaka iliyofuata nilimkuta anakohoa, macho mekundu kwa moshi, na akitaka kukata mkungu wa ndizi kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe, anaomba ruhusa. Nilirudi mjini na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Mwezi huohuo mume wangu Damian alipewa kiwanja. Damian alikuwa karani wa mizigo gatini, na mji ulikuwa unawagawia wafanyakazi viwanja kwenye ukingo wa ziwa. Ardhi hiyo mvua za mwaka wa Uhuru zilikuwa zimeizamisha. Sasa maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha mchanga na matete. Chetu kilikuwa na upana wa futi thelathini na urefu wa arobaini na tano. Masharti yake yalipigwa chapa vizuri: jengo moja tu, la kudumu, la familia moja, na ramani yake iwe imepitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Usipowahi, kiwanja anapewa anayefuata kwenye orodha. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kashai na watoto watatu, kwa hiyo Damian alishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mama atakuja kukaa nasi," nilimwambia.

Shangwe ikapungua. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Tangu harusi yetu, miaka tisa, Damian hakuwahi kula mbele ya mama wala kumtazama usoni. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba, hata kama umande utamlowesha suruali ya kazini. Mama naye akisikia sauti ya Damian anajifunika kanga na kugeukia pembeni. Huo haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima, na kwa kweli watu hao wawili walipendana sana kwa kukaa mbali.

"Mimi namtaka mama," Damian alisema. "Lakini tutamweka wapi? Nikitoka chumbani asubuhi nikakutana naye mlangoni, nitazame wapi?"

"Utazame ziwa."

"Theopista, sifanyi mzaha."

Nilimtumia mama salamu kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akienda Kamachumu. Jibu lilikuja siku ya tatu: moshi ameshauzoea, ila kuishi chumba kwa chumba na mkwe wake hawezi, na nisimtaje tena katika jambo hilo. Kwa hiyo nilikuwa na wiki sita za kubuni nyumba ndogo ambayo mama yangu angekubali kuingia. Nikishindwa, angefia kwenye kibanda cha Mutalemwa. Sikujidanganya kwamba kulikuwa na njia ya tatu.

Kazi yangu ni cherehani. Mteja akikuletea kitambaa cha yadi mbili na nusu na mwili wa yadi tatu, huwezi kumwambia apungue. Unageuza karatasi huku na huku, unaunganisha mahali pasipoonekana, unalaza mkono juu ya bega, mpaka gauni linapatikana na kinachobaki hakitoshi kufungia hata kidole. Nilisema nyumba nayo itakatwa hivyo. Nikaanza na kitambaa kilicho ghali kuliko vyote, yaani bati.

Watu hujenga kuta kwanza, kisha hukata mabati ili yafuate kuta. Vipande vizuri huishia kwenye banda la kuku. Nilimwuliza fundi wetu wa kujenga, Aroni, bati la futi kumi linafunika nini lisipokatwa kabisa. Aroni alikuwa Mlutheri mnyoofu, hacheki saa za kazi. Alipiga hesabu kwenye ubao akasema mawili yakikutana juu, paa la mgongo wa tembo, yanafunika nyumba yenye upana wa futi kumi na sita, na ukingo unabaki wa kumwagia maji mbali na ukuta.

"Basi nyumba yetu ni futi kumi na sita."

"Mama, unataka nyumba au unataka sketi?" Aliuliza bila kutabasamu.

Ramani ya kwanza niliichora kwenye karatasi ya kukatia magauni. Futi kumi na sita kwa ishirini na nane. Upande wa barabara niliweka sebule, vyumba viwili vyetu na jiko letu kwenye kona. Upande wa ziwa, chumba cha mama na jiko lake dogo. Katikati nikasimamisha ukuta mnene usio na tundu hata la panya. Niliipenda sana. Nikaipeleka kwa mkaguzi wa majengo, Bwana Zahoro, mtu wa Ujiji, mpole, mwenye Kiswahili laini cha kutufanya sisi wengine tuone aibu kufungua mdomo.

Aliitazama kwa heshima yote. "Dada, hizi ni nyumba mbili zimepeana mgongo."

"Ni moja. Paa ni moja."

"Majiko ni mawili, na kati yake hakuna mlango. Anayeishi huku si familia ya anayeishi kule."

"Ni mama yangu mzazi."

"Basi mfungulie mlango," alisema, akanirudishia karatasi yangu.

Alikuwa sahihi kwa masharti yake, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilirudi nyumbani nikaweka mlango. Damian akachungulia ramani, akaniambia mlango huo unafungukia kwenye kiti chake. Nikausogeza. Sasa ukafungukia kwenye kitanda chetu. Nilichora mara tano, mara sita, watoto wakakosa karatasi za kufunika madaftari. Zikabaki siku kumi na mbili.

Mteja hulijaribu gauni likiwa bado na nyuzi za muda, kabla sijalipiga mshono wa mwisho. Nikajiuliza kwa nini nyumba nisiijaribu vilevile. Jumamosi nilikwenda Kamachumu nikamchukua mama kwa basi, nikamwambia wajukuu wamemkumbuka, jambo ambalo lilikuwa kweli. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulishuka wote kiwanjani na ndoo mbili za majivu, vigingi na kamba. Aroni alikuja baada ya ibada yake, bado amevaa tai. Tukaichora nyumba juu ya mchanga kwa ukubwa wake wenyewe: kuta kwa majivu, milango kwa mawe mawili mawili, vitanda kwa mikeka.

"Tunaishi humu mpaka jioni," niliwatangazia. "Kila mtu afanye anayoyafanya nyumbani."

Watu waliotoka kanisani walipita kando ya ziwa wakasimama kututazama. Mmoja alituuliza kama mabati yameadimika kiasi hicho. Nilimwambia apite, anatuzibia dirisha.

Nilidhani mama naye atacheka. Hakucheka hata kidogo. Aliketi kwenye mkeka chumbani mwake, uso ziwani, mgongo kwetu. Damian aliketi sebuleni, uso barabarani, akafungua gazeti. Kati yao kulikuwa na hewa tupu, lakini Damian alipokohoa mama alivuta kanga. Kwake, mstari wa majivu ulikuwa ukuta wa kutosha mradi watu wote wamekubaliana kwamba ni ukuta.

Ilipokaribia saa sita nikaona hatulii. Nilimletea maji akayakataa. Nilimpa ndizi akaionja tu. Nikachuchumaa karibu naye nikamwuliza ana nini.

"Choo kiko wapi?" alininong'oneza kwa Kihaya.

Nikamwonyesha. Choo cha kweli kilikuwa cha jirani, upande wa barabara, na mimi nilikuwa nimechora cha kwetu upande huohuo. Ili ukifikie ilikuwa lazima upite sebuleni, mbele ya magoti ya Damian, au uzunguke nje mbele ya macho yake. Mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa amejizuia tangu asubuhi kwa sababu ya mchoro wangu.

"Mama, hayo ni majivu. Vuka hapo pembeni uende."

Alinitazama kana kwamba sikulelewa. "Leo ni majivu, mwana wange. Kesho ni matofali. Ukinizoesha kuvuka leo, kesho nitapita wapi?"

Nilimtuma Damian barabarani akatafute kitu chochote, mama akapita. Kisha nikaketi kwenye kona niliyoiita jiko nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilijiona mjinga. Niliwahi kumkatia gauni la harusi bibi mmoja mnene kutoka kitambaa cha mapazia, na sasa nilikuwa nimeshindwa kumpitisha mama yangu mwenyewe chooni.

Damian alirudi na njaa. Watoto walikuwa wamezunguka sufuria, wanakula. Akaja mpaka kwenye mstari wa majivu wa jiko, akasimama, akanyoosha mkono juu ya mstari.

"Theopista, nipe chai."

Sufuria ilikuwa hatua moja kutoka kwake, na birika lilikuwa karibu zaidi. Hakuvuka. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kuingia jikoni mwangu. Mama yake alimfundisha kwamba mwanamume haonekani mafigani, na kila mwanamume wa kwetu wa rika lake alifundishwa hivyo. Nilikuwa nimemgombeza kwa jambo hilo mara nyingi, hasa nikiwa mgonjwa. Sasa nilivitazama viatu vyake, vimekoma kwenye majivu.

"Simama hapohapo," nikasema.

"Nimefanya nini tena?"

"Usisogee. Aroni, lete kamba."

Nilikuwa nimehangaika mwezi mzima kutafuta ukuta ambao Damian hatauvuka, na kumbe alikuwa ametoka nao kwa mama yake. Tuliling'oa jiko kwenye kona tukalilaza katikati ya nyumba, kutoka ukuta hadi ukuta, futi zote kumi na sita. Likapata mlango wa kuingilia kwetu na mlango wa kuingilia kwa mama. Wanawake na watoto wangepita humo kutwa nzima. Damian asingepita hata nyumba ikiungua. Ule ukuta mnene tukaufuta kwa mguu, na jiko la pili tukalifuta pia. Choo tukakihamishia ubavuni mwa jiko, shimo moja, vyumba viwili vimepeana mgongo, mlango mmoja wa huku na mwingine wa kule. Aroni alihesabu matofali yaliyookolewa akavua tai.

Damian aliizunguka nyumba kwa nje, akarudi na lalamiko. "Yaani nimepewa kiwanja cha ziwani, na ziwa nisilione?"

"Unaliona gatini kutwa."

Alifikiri kidogo, akakubali. Nampendea hilo, Damian hana kinyongo na ukweli.

Alasiri Bwana Zahoro alipita akitembea na kanzu yake ya mapumziko. Alituona, akaja moja kwa moja kutusalimu. Mama akasema neno kwa Kihaya, kali, bila kugeuka.

"Anasemaje?" Bwana Zahoro aliuliza.

"Anasema umepita ukutani."

Alitazama miguu yake. Nilidhani atachukia. Badala yake alirudi nyuma kwa uangalifu, akazunguka mpaka kwenye mawe mawili upande wa barabara, akasimama.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akajibu Damian.

Aliingia sebuleni, akachungulia vyumba, akapita jikoni akisema samahani kwa masufuria, akatokea chumbani kwa mama, akafika mlango wa ziwani. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Jiko moja. Njia inatoka mwanzo hadi mwisho. Akauelekeza mlango wa mama.

"Na huu?"

"Huo ni mlango wa nyuma."

"Kila nyumba ina mlango wa nyuma," alisema, na nikajua tumeshinda.

Mama alitaka kujua mgeni amesema nini. Nilipomweleza akanijibu, "Mwambie kwangu mimi huo ndio wa mbele." Sikuitafsiri.

Watu walipoanza kutawanyika nilimwuliza mama lile swali nililoliogopa tangu Pasaka. "Utakuja?" Alisimama, akapima kwa hatua kutoka mkeka wake hadi jikoni, akageuka, akapima kutoka mkeka hadi mlangoni, akaketi tena. "Dirisha uliteremshe," alisema. "Nataka kuona maji nikiwa nimekaa." Niliteremsha dirisha. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya Aroni.

Ramani ilipigwa muhuri Jumatano, siku nne kabla ya mwisho. Mwezi wa saba tukaanza. Msingi tuliuinua futi tatu kwa mawe, kwa sababu ziwa lililokuja mara moja linajua njia. Siku za Jumamosi makuli wa gatini walikuja kubeba mawe pamoja na Damian, maana kila mtu alikuwa akihubiriwa kujitegemea na wao waliamua kujitegemea kwetu, kwa ubwabwa na lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wapita njia waliibandika nyumba jina la Kabati. Waliuliza kama tutalala wima. Mimi nilikuwa nashona mapazia ya dirisha lililo chini.

Siku ya kupaua Aroni alikuja na mkasi wake wa bati, akaondoka nao bila kuufungua. Hakuna bati lililokatwa. Hakuna kipande kilichobaki, hata cha kufunikia pipa la maji. Alishuka ngazi, akarudi nyuma mpaka kwenye mchanga, akaliangalia paa lake kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka saa za kazi. Kabla ya mwaka kwisha wenye viwanja watatu walikuja kunipimia kuta kwa kamba zao, na wale waliosema tutalala wima walikuwa miongoni mwao. Niliwapa vipimo vyote. Bure, lakini kwa kiburi.

Mama alihamia mwezi wa Desemba na sanduku moja, mkeka na miche mitatu ya migomba aliyoing'oa bila kuomba ruhusa. Asubuhi anamsikia mkwe wake akiaga watoto upande wa barabara. Jioni Damian anasikia kicheko chake upande wa ziwa. Hawakuwahi kukutana. Kikohozi kiliisha kabla ya kwaresima.

Kisha Jumapili moja Mutalemwa akaja. Kamachumu walikuwa wanasema, na maneno yalikuwa yamemkera. Alivaa koti, akabisha mlango wa barabarani kama mtu mwenye haki yake, akamwambia Damian amekuja kumchukua mama amrudishe nyumbani, kwa kuwa mjane wa ukoo haishi kwa mkwe.

"Haishi kwangu," Damian alimjibu taratibu. "Kwake ni upande wa ziwani. Zunguka."

Mutalemwa alitaka mama aitwe. Damian akamweleza kwamba yeye hawezi kumwita, kwa heshima tu, na Mutalemwa mwenyewe anaijua heshima hiyo. Kwa hiyo alizunguka. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nyingine zikiwa tayari motoni, nikasikia viatu vyake kwenye mawe, kisha kubisha. Mama hakuharakisha. Aliuliza ni nani. Alipojua, akamwachia asimame kidogo, ndipo akafungua akampa kigoda, akampa na kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote anayefika kwa mtu.

"Ma, turudi nyumbani," nilimsikia anasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Watu wanasema nimekufukuza."

"Waambie hukunifukuza. Waambie nimehama."

"Kibanda tutakitengeneza. Nitaezeka upya."

"Kiezeke. Kuku watafurahi."

Upande wa sebule gazeti la Damian lilikoma kuchakarika. Mimi nilikuwa nimeshika kisu hewani. Mutalemwa alitafuna kahawa yake, nadhani akiangalia kile chumba, dirisha, maji yaliyokuwa yanameta nje kwa jua la saa nne.

"Basi utarudi lini, Ma?"

"Nitakuja kuwatembelea," mama alisema. "Mkinialika."

Damian aliangua kicheko kikubwa upande wa barabara, na mama, aliyekisikia vizuri kabisa kupitia milango yote miwili, akacheka pia. Mimi nilikaa katikati yao nikalia mpaka ndizi zikaungua, na siku hiyo tulizila hivyohivyo bila mtu kulalamika.